Kukaanga kahawa nyumbani na mashine ndogo: anza na sikio na pua, namba zitafuata

Mashine ndogo ya kukaangia kahawa ina kazi mbili tu, kutoa joto na kuzungusha punje zisiungue upande mmoja, hayo mengine yote unafanya wewe kwa macho, pua na masikio. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaanza na namba, wanatafuta nyuzi ngapi dakika ya ngapi, wanaweka grafu kwenye simu, alafu kahawa inatoka hovyo na hawajui kosa limeingilia wapi. Namba zina nafasi yake na nitazitaja humu, ila ukianza kwa kunusa na kusikiliza, baada ya mikaango kumi hivi utakuwa umeijua mashine yako vizuri sana.

Kwa matumizi ya nyumbani ziko aina mbili kubwa. Kuna ya hewa, feni inasukuma hewa ya moto kutoka chini na punje zinarukaruka humo ndani, hii inakaanga haraka, dakika 5 mpaka 8 umemaliza, inabeba kidogo, mara nyingi gramu 80 mpaka 120, na kahawa yake inatoka safi na uchachu wake unausikia vizuri. Alafu kuna ya pipa, yani pipa la chuma linalozunguka juu ya moto wa umeme au gesi, hii inaenda polepole, dakika 9 mpaka 13 hivi, inabeba gramu 200 au zaidi na kahawa inakuwa na uzito mdomoni. Zote ni nzuri. Kama ndo unaanza mimi nakushauri ya hewa, kwa sababu unaziona punje muda wote na rangi utajifunza haraka.

Wapo wanaoanza na mashine ya bisi, inawezekana kabisa, ila chungulia ndani kwanza uone hewa inaingilia wapi. Zile zenye matundu ya ubavuni yanayopuliza hewa kwa kuzunguka ndo zinafaa. Zile zenye wavu chini usizitumie kukaangia kahawa, makapi yanadondoka kwenye waya wa moto na yanashika moto.

Pa kuiweka

Kahawa inatoa moshi, na ukiikaanga mpaka iwe nyeusi inatoa moshi mwingi sana, kwahiyo mashine ikae karibu na dirisha lililo wazi au chini ya feni inayovuta hewa kwenda nje. Usikaangie chumba kilichofungwa, huo moshi unawasha macho na sio mzuri kwa mapafu. Meza iwe ngumu na tambarare, juu yake pasiwe na pazia wala kabati, na pembeni pasiwe na karatasi au taulo. Weka karibu vitu hivi kabla hujawasha: mizani inayosoma gramu, chungio kubwa la chuma la kupoozea, glavu nene, saa, daftari na kalamu. Ukishaanza hutakuwa na muda wa kukimbia kutafuta kitu.

Umeme nao. Mashine hizi nyingi zinakula wati 1200 mpaka 1800, ni mzigo mkubwa, kwahiyo chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na usichomeke birika au pasi kwenye laini hiyohiyo. Mimi nilihangaika karibu mwezi mzima, kahawa yangu ilikuwa inatoka imepooza, haina utamu haina uchachu, nikabadilisha buni (kahawa mbichi ambayo haijakaangwa) mara mbili nikijua tatizo ni buni. Kumbe nilikuwa natumia ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba, umeme ulikuwa unapotelea njiani na mashine haipati nguvu yake, mpasuko wa kwanza, yani ule mlio wa punje kupasuka kwa joto ambao nitaueleza mbele, ulikuwa unakuja dakika ya 16. Nilipochomeka ukutani ukaja dakika ya 10, buni ileile, mpangilio uleule. Kwahiyo kabla hujailaumu buni angalia waya.

Mashine ikiwa mpya usikaange kahawa ya kunywa siku ya kwanza. Iwashe tupu kwanza, ipate moto kama maelekezo yake yanavyosema, utasikia harufu ya mafuta ya kiwandani yanaungua, iache mpaka harufu iishe. Alafu kaanga buni ya bei ya chini mara mbili au tatu, zikaange mpaka nyeusi kidogo, na uzitupe zote. Najua inauma kutupa kahawa lakini hiyo mikaango inasafisha pipa na inakupa nafasi ya kuzoea vitufe bila presha.

Buni

Buni nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea ubluu au umanjano kidogo kulingana na ilivyotayarishwa, inanukia kama nyasi kavu, na unyevu wake uko kati ya asilimia 10 na 12. Ukisikia harufu ya ukungu au ya gunia bovu achana nayo, hakuna namna ya kukaanga itakayoificha. Ihifadhi pakavu, penye kivuli, kwenye mfuko uliofungwa, na jitahidi iishe ndani ya mwaka toka ivunwe, baada ya hapo inaanza kuwa na ladha ya mbao.

Kama umepata buni iliyooshwa, yani iliyotolewa tunda na kuoshwa kabla ya kukaushwa, anza nayo hiyo, inakaangika sawasawa na rangi yake inasomeka kirahisi. Ile iliyokaushwa na tunda lake ni tamu sana lakini ina makapi mengi na inaungua nje haraka. Iliyoondolewa kafeini iache mpaka uzoee, maana inaanza tayari ikiwa ya kahawia na macho yatakudanganya, na mipasuko yake inasikika kwa shida. Na nunua kilo mbili tatu za buni moja, usinunue robo robo za aina nane, nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kukaanga mwaga buni kwenye sinia na uchambue. Toa punje nyeusi, zenye matundu ya wadudu, zilizovunjika, na mawe. Jiwe moja tu linaweza kuua mashine yako ya kusagia. Ni kazi ya dakika tano na mimi naipenda, mikono inaifahamu buni kabla ya moto.

Mkaango wenyewe

Nitaeleza kwa mashine ya pipa yenye gramu 200, ya hewa mambo ni yaleyale ila muda unakuwa karibu nusu. Usijaze mashine mpaka mwisho wa uwezo wake, kama imeandikwa gramu 250 weka 200, moto unatosha vizuri na unabaki na nafasi ya kurekebisha.

Pasha pipa likiwa tupu mpaka kipimajoto cha mashine kisome kama nyuzi 180 mpaka 200. Mimina buni, washa saa hapohapo. Kipimajoto kitashuka ghafla, usishtuke wala usiongeze moto kwa pupa, ni kwa sababu buni baridi imeingia na kinasoma mchanganyiko wa vyote, baada ya dakika moja hivi kitageuka na kuanza kupanda.

Dakika tatu nne za kwanza buni inakausha maji yake. Hapa harufu ni ya nyasi, kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na rangi inatoka kijani inapauka. Moto uwe mkubwa kiasi. Kama buni yako ni ngumu, yani ya sehemu za juu milimani, inavumilia moto zaidi, buni laini ya chini punguza kidogo.

Kwenye nyuzi 150 hivi, dakika ya 4 au 5, punje zote zinakuwa njano na harufu inabadilika kabisa, nyasi zinaondoka inakuja harufu ya mkate unaookwa. Hii ni alama kubwa, iandike muda wake. Kuanzia hapa sukari na protini zilizomo ndani ya punje zinaanza kushikana na kutengeneza rangi ya kahawia na ile ladha tunayoiita ladha ya kahawa. Makapi nayo yanaanza kutoka, ni ile ngozi nyembamba ya fedha inayoifunika punje, utayaona yanapeperuka kwenda kwenye chombo chake.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo moyo wa kazi. Ikifika kahawia ya wastani, kama dakika moja kabla ya mpasuko wa kwanza, anza kupunguza moto kidogo. Harufu inakuwa kali, inachoma pua kidogo, kama siki kwa mbali. Zima redio, waambie watu wanyamaze, weka sikio karibu. Utasikia ta. Alafu kimya. Alafu ta, ta, tata, kama vijiti vikavu vinavunjwa kimoja kimoja, alafu zinashika kasi zote kwa pamoja kama bisi. Huo ndo mpasuko wa kwanza, mvuke uliojazana ndani ya punje umepasua kuta zake na punje imevimba. Kwenye mashine nyingi unakuja karibu na nyuzi 196, ila ya kwako inaweza kusoma 188 au 205 kwa sababu kila kipimajoto kimechomekwa sehemu yake, ndo maana nasema namba ya mtu mwingine haikusaidii, kinachokusaidia ni kujua ya kwako inasoma ngapi ukisikia ule mlio. Punje moja au mbili zinazowahi zisikudanganye, mimi naandika muda ninaposikia mipasuko mitatu minne mfululizo.

Kuanzia mlio huo kila sekunde 20 ni kahawa tofauti. Ukitoa ndani ya dakika moja unapata kahawa nyepesi, yenye uchachu wa matunda. Dakika moja na nusu mpaka mbili unapata ya wastani, uchachu umetulia na utamu umekuja mbele, hapa ndo napenda mimi na hapa ndo nakushauri uanzie. Kipimo kizuri ni kwamba muda kutoka mpasuko wa kwanza mpaka kutoa uwe kati ya asilimia 15 na 25 ya muda wote, mfano mkaango wa dakika 10 na nusu, mpasuko ulikuja dakika 8 na sekunde 45, umekaa dakika moja na sekunde 45, hiyo ni karibu asilimia 17, iko vizuri.

Kosa linaloharibu kahawa nyingi liko hapahapa, watu wanasikia mpasuko wanaogopa wanakata moto kabisa, joto linasimama au linashuka, na kahawa inaokwa badala ya kukaangwa, ukiinywa haina uhai. Joto linatakiwa liendelee kupanda mpaka mwisho, ila kwa upole. Punguza moto mapema na kidogokidogo, usingoje mpaka punje zinalia ndo uvamie kitufe.

Ukiendelea mbele mipasuko inanyamaza, kunakuwa na utulivu, alafu karibu na nyuzi 224 unaanza mpasuko wa pili, mlio wake ni mwepesi na wa haraka, kama nafaka kavu za kifungua kinywa zilizomwagiwa maziwa. Mafuta yanaanza kutokeza juu ya punje, moshi unakuwa mzito, uchungu unachukua nafasi ya uchachu. Wanaopenda kahawa nyeusi wanatoa hapo mwanzoni mwake. Mimi sikushauri uzidi sekunde 30 ndani ya mpasuko wa pili kwenye mashine ndogo, ladha ya buni yenyewe inakuwa imeshaungua na hatari ya moto inapanda.

Kupooza

Punje zikitoka zina joto la kutosha kuendelea kujikaanga zenyewe. Zinatakiwa ziwe zimepoa mpaka unaweza kuzishika ndani ya dakika nne, ikiwezekana tatu. Kipoozeo cha mashine nyingi ndogo ni kivivu, zile zinazopoozea humohumo ndani ya pipa ndo zaidi, kwahiyo mwaga kwenye chungio la chuma, weka mbele ya feni ya kawaida na uzikoroge kwa mkono wenye glavu. Makapi yatapeperuka, fanya hili nje kama unaweza. Kama mashine yako hairuhusi kumwaga zikiwa za moto basi anza kupooza sekunde 20 au 30 kabla ya pale unapotaka, hizo sekunde zitajilipa wakati wa kupoa.

Zikipoa pima uzito. Hili watu wengi hawalifanyi na ni kipimo kizuri sana cha bure. Ukiweka gramu 200 zikatoka 174, umepoteza asilimia 13, hiyo ni nyepesi. Zikitoka 170, asilimia 15, ni ya wastani. Zikitoka 164, asilimia 18, umeingia kwenye nyeusi. Macho yanadanganywa na taa ya chumba, mizani haidanganywi. Chambua tena hapa, utaona punje chache zimebaki na rangi ya mbao wakati wenzake ni kahawia, hizo zilitoka kwenye tunda ambalo halikuiva, zina ladha ya karatasi, zitoe.

Moto ukishika

Makapi makavu yanawaka kama karatasi. Safisha chombo cha makapi baada ya kila mkaango, narudia, kila mkaango, sio kila siku. Usiiache mashine ikiwa inakaanga hata kwenda kufungua mlango, kama kuna mgeni atasubiri. Ukiona moto ndani ya pipa chomoa umeme (au funga gesi) na uache mlango wa mashine umefungwa, ukifungua unauletea hewa na unakua. Usimwage maji kwenye kitu cha umeme. Kizimamoto cha unga kikae mahali mkono unafika. Nilishawahi kuona makapi yameshika baada ya mikaango mitatu mfululizo bila kusafisha, ilikuwa dakika ya mwisho kabisa ya mkaango, kwa bahati mlango haukufunguliwa na yalizimika yenyewe.

Kusubiri

Kahawa iliyotoka kukaangwa imejaa hewa ya kaboni dioksidi, ukiichemsha siku hiyohiyo maji yanasukumwa na hiyo hewa na ladha inakuwa kali na imefungana. Iache angalau siku moja, kwa kuchuja ni nzuri kuanzia siku ya tatu mpaka ya kumi na nne hivi, kwa espresso mimi nangoja siku saba au zaidi. Weka kwenye mfuko wenye valvu ya upande mmoja, yani inayotoa hewa nje bila kuingiza ndani, au kwenye chombo ambacho hakijabana sana siku ya kwanza, chupa ya kioo iliyofungwa kwa nguvu inaweza kujaa presha.

Daftari

Sasa nirudi kwenye lile la kununua buni moja. Ukibadilisha buni, moto na muda vyote kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini. Kaanga buni ileile, uzito uleule, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Andika uzito wa kuingia, joto la pipa wakati wa kumimina, muda wa njano, muda wa mpasuko wa kwanza, muda wa kutoa, uzito wa kutoka, na ukae na hiyo karatasi siku unapoionja. Hali ya hewa pia andika, siku ya baridi na upepo mashine inachelewa. Na mkaango wa pili wa siku unawahi kuliko wa kwanza kwa sababu chuma kimeshapata moto mpaka ndani, kwahiyo acha mashine ipoe mpaka joto lilelile la kumimina kabla ya kuanza tena.

Ukionja, isome hivi. Kama ni chachu kali na ina ladha ya nyasi, ndani haijaiva, ongeza sekunde 20 baada ya mpasuko au punguza kasi kidogo ya mwanzo ili joto lifike katikati ya punje. Kama imepooza kama mkate mkavu, joto lilisimama mahali, ongeza moto kati ya njano na mpasuko. Kama ina uchungu wa majivu, umepitiliza au umechelewa kupooza. Kama punje zina madoa meusi upande mmoja, pipa lilikuwa la moto sana ulipomimina, shusha nyuzi 10. Vunja punje moja kwa vidole uangalie ndani, ikiwa nje ni nyeusi na ndani imepauka ulikimbiza mno.

Mkaango wako wa kwanza wa kunywa gawanya sehemu mbili, nusu ionje siku ya pili na nusu siku ya saba, zote kwa maji na kipimo kilekile. Siku ya pili utaisikia kali na haijakaa sawa, siku ya saba utaisikia imefunguka, na kwenye hiyo ya saba ndo uamue kama mkaango unaofuata unaongeza sekunde ishirini au unapunguza.